Kuingia kwa Mkwe

Mwakaleli, Rungwe
4 Machi 1956

Kaka yangu Ezekia,

Nakusalimu katika Bwana, na nakuomba usome habari kwanza kabla hujaanza kunisahihisha mwandiko, maana najua kalamu yako nyekundu iko karibu. Huku tu wazima. Mvua haitaki kupumzika, migomba miwili imeanguka nyuma ya nyumba, na kuni zinatoa moshi tu. Lea wangu amerudi shule ya bweni, anasema atafundisha watu kama mjomba wake. Mume wangu Anania yuko huko huko migodini Rhodesia. Barua yake ya mwisho ni ya mwaka juzi, wakati wa mavuno. Nimekutumia kahawa kidogo kwa mkono wa dereva wa misheni. Je, chai ya huko inaendeleaje, na bado unahubiri Jumapili?

Sasa jambo lenyewe. Baba mkwe wangu, mzee wa nyumba ya juu, alianguka kabla ya Krismasi akapooza upande mmoja. Mkewe alikwisha kufa, unajua. Wanawe wote wako Rhodesia, binti zake wameolewa mbali. Jirani yetu Mama Fanueli ndiye aliyekuwa akimlisha na kumwosha. Mimi napika, naweka chungu kwenye uzio, naondoka, yeye anakichukua na kuingia nacho. Juma lililopita mwanawe Mama Fanueli amekuja kumchukua mama yake akakae naye Mbeya mjini. Kwa hiyo tumebaki mzee na mimi.

Umekaa kwa Wahehe miaka mingi, labda umesahau mambo ya kwetu. Tangu niolewe sijauona uso wa mzee huyu. Nikisikia akikohoa njiani naingia migombani, nainama mpaka apite. Jina lake silitamki, na maneno yanayofanana na jina lake nayazunguka, hadi wenzangu hunicheka. Naye akijua niko kisimani hapiti. Ndiyo heshima ya mkwe tuliyolelewa nayo, na wanasema mwanamke akiivunja hukauka akafa. Nimemwuliza mzee wa kanisa, Sedekia. Akasema Mkristo hafungwi na hayo. Nikamwuliza, mbona mkeo huinama migombani? Akasema ana haraka, akaenda zake.

Juzi nilimsikia mzee akiita maji. Nilisimama nje na kibuyu mkononi, nikalia. Nikakiweka mlangoni nikaondoka, nikijua kabisa kwamba hawezi kukifikia.

Kaka, tangu shule naimba kwamba Mungu anatupenda. Huo upendo unaniruhusu kuingia? Au unaniamuru? Ungekuja mwenyewe ningefurahi zaidi, lakini angalau nijibu upesi.

Mimi dada yako,
Damari


Igowole, Mufindi
15 Aprili 1956

Mdogo wangu mpendwa Damari,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako. Barua yako imechelewa, nadhani ni kwa sababu ya barabara. Mimi sijambo, nikiacha mafua kidogo ambayo ni ya kawaida kwa baridi hii. Chai inachumwa kwa wingi, nami nashinda kwenye mizani nikipima vikapu. Kahawa nimeipokea, asante. Jirani yangu Kasian anakusalimu; ni Mhehe, Mkatoliki, mwenye sauti kubwa hata akisali rozari, na ukuta kati yetu ni mwembamba.

Swali lako ni zito, nami nimeligawa katika sehemu tatu. Kwanza, upendo wa Mungu ni mkuu kuliko desturi yoyote ya wanadamu. Hilo halina ubishi. Pili, upendo haupendi fujo, nao huwajali ndugu walio dhaifu, ambao wanaweza kukwazika wakikuona. Tatu, mwanamke aliyeolewa hana budi kupata kauli ya mumewe. Umkumbuke Bwana aliyejifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu. Lakini ukumbuke pia kwamba alifanya hivyo faraghani, kati ya watu waliomfahamu. Kwa hiyo mwandikie Anania, usubiri. Kwa sasa tafuta mwanamke mwingine wa kumhudumia mzee, na umwombee bila kukoma.

Kuhusu kuja kwangu, mwaka huu haiwezekani. Kazi ni nyingi. Naomba tusiliongee tena.

Nimetuma daftari mbili za Lea. Mwambie asizimalize kwa kuchora maua.

Ndimi kaka yako katika Kristo,
Ezekia


Mwakaleli
27 Mei 1956

Kaka yangu,

Asante kwa daftari, Lea atafurahi. Huku jua limeanza kuonekana, na ng'ombe wa madoa amezaa ndama jike. Natumaini mafua yameisha. Vaa sweta nililokufumia, usiliweke sandukuni kwa ajili ya wageni.

Barua yako ni nzuri sana. Ingefaa kusomwa kanisani siku watu wamejaa. Sehemu tatu, kaka! Mzee angekufa kwa kiu wewe ukiwa bado katika sehemu ya pili. Usikasirike, nacheka tu, na nisipokucheka wewe sina wa kumcheka.

Wanawake wengine niliwaomba, wote wakawa na shamba la kulima siku hiyo. Nilikwisha kuingia kabla barua yako haijafika.

Niliingia kinyumenyume. Nilishika beseni la maji ya moto, nikaupa mlango mgongo, nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kisigino kikagusa kitanda. Harufu ya mle ndani sitaiandika. Akauliza, "Nani huyo?" Sikujibu, maana sauti yangu pia hapaswi kuisikia. Akajua. Nikamsikia akivuta blanketi kwa ule mkono mzima, akajifunika uso wote, akapiga kelele kutoka ndani yake: "Toka! Toka, utakufa!" Kaka, nilidhani ananilaani. Maji yakamwagika miguuni mwangu. Lakini sikutoka, kwa kuwa nilikwisha kugusa mgongo wake, na mgongo ule ulikuwa vidonda vitupu. Nikamwosha macho yangu yakiwa kwenye mianzi ya ukuta. Yeye alilia ndani ya blanketi, mimi nikalia nje yake. Nilipomaliza nikamwekea uji karibu na mkono, nikatoka.

Sasa naenda kila siku. Kila siku anajifunika, kila siku ananifukuza kwa maneno yale yale.

Jumapili nilikaa kwenye benchi letu la siku zote. Mmoja akakumbuka kwamba ameacha kitu nje, mwingine akamfuata, na ibada ikaisha nikiwa peke yangu kwenye benchi zima. Kisimani nikifika wanainua mitungi hata kama haijajaa. Hawanitukani. Ningependa wanitukane, angalau ningesikia sauti za watu. Jioni naongea na ng'ombe, naye sasa ana mwanawe, hanisikilizi.

Anania nimemwandikia, nikamweleza yote. Naogopa. Na swali langu ni hili: sijui kama naingia mle kwa upendo, au ni kwamba tu nimeshindwa kuvumilia kilio chake. Wewe unayefundisha watu, unajua tofauti?

Damari


Mwakaleli
2 Septemba 1956

Kaka Ezekia,

Salamu nyingi, ingawa hujanijibu. Nimeuliza kwa dereva wa misheni mpaka akiniona sasa anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Kahawa tumevuna, nimekutumia tena. Lea ni mzima. Kama nimekukosea kwa kukucheka, basi nisamehe. Huo ndio mdomo niliozaliwa nao, na wewe ulinibeba mgongoni ukiwa unaujua.

Jibu la Anania limefika. Ni fupi. Anasema nimemvua baba yake heshima na yeye nimemvua pia, na kwamba hawezi kurudi kwenye nyumba ya mwanamke kama mimi. Anasema huko ana mwanamke wa kumpikia, na amekuwa naye muda mrefu. Nilikaa na karatasi ile jikoni mpaka moto ukazimika. Imeniuma, kaka. Imeniuma sana, na siwezi kukuandikia kwamba nimemshukuru Mungu kwa yote, kwa sababu sijamshukuru.

Kisha nikaugua homa. Nilianguka kitandani, hakuna aliyekuja. Nilisikia wanawake wawili wakipita njiani, mmoja akisema, "Si tulisema?" Nikaamini, kaka. Nikajua ndiko kule kukauka kwenyewe. Nikawaza mzee anakufa kule juu na mimi nakufa huku chini, na katikati ni shamba la migomba tu.

Homa ilipopungua nilipanda kwa kushika migomba. Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa chini, kaka, kwenye udongo, karibu kabisa na kizingiti. Alikuwa amejiburuta kutoka kitandani kwa mkono mmoja na mguu mmoja. Blanketi lilibaki nyuma yake. Uso wake ulikuwa wazi, unatazama njia ya nyumbani kwangu.

Nilisahau kugeuka. Tukatazamana.

Akasema, "Uko hai?"

Nikasema, "Niko hai, baba."

"Hukuja. Nikajua nimekuua."

"Ilikuwa homa tu."

"Nilikwambia toka, utakufa. Hukusikia. Nikajifunika ili nisikuue, na bado ukawa unakuja, unakuja. Wewe mwanamke una kichwa kigumu." Akalia bila kujificha, na machozi yalikuwa yanatoka jicho moja tu, lile la upande mzima. "Ndaga, mwanangu. Ndaga." Hilo neno letu la shukrani hakuwahi kuniambia tangu niolewe.

Miezi yote ile, kaka, nilikuwa nasikia laana, kumbe mtu alikuwa ananihurumia. Alikuwa amelala katika uchafu wake, ana kiu, na alikuwa anaogopa kwa ajili yangu.

Nimewaza sana tangu siku hiyo. Mimi nimeishi na Mungu kama nilivyoishi na mkwe. Nampelekea chakula hadi kwenye uzio. Sala asubuhi, sala jioni, sadaka, nainama migombani apite. Sijawahi kufikiri kwamba anataka kuniona. Akisema neno kali katika Maandiko nilisikia hasira tu. Huenda alikuwa akijiburuta kuja mlangoni kuuliza kama niko hai. Sijui kama ni mafundisho sahihi, wewe utanisahihisha. Lakini mle ndani, juu ya udongo ule, nilijua kwamba napendwa, na sikujua hivyo hata siku ya kipaimara. Wanawake bado hawaongei nami. Mume sina. Nalia kila jioni. Na bado najua.

Niandikie, hata kama ni sehemu tatu.

Damari


Igowole
7 Oktoba 1956

Damari mdogo wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sina sehemu tatu leo.

Habari za Anania zimenihuzunisha. Nilikuambia usubiri kauli yake, na sasa naona ningekufanya usubiri kitu ambacho hakikuwapo. Mimi sijambo. Chai inaendelea. Kasian anakusalimu.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaichukua tena. Uliyoyaandika juu ya Mungu sitayasahihisha. Ningekuwa bado nahubiri ningewasomea watu, lakini Jumapili nimepumzika kidogo kuhubiri. Wapo vijana wanaoweza. Unaniuliza kama najua tofauti kati ya upendo na kushindwa kuvumilia kilio cha mtu. Zamani ningejibu haraka. Nadhani sasa kwamba sijui.

Naomba uniambie jambo moja. Ile miezi alipokuwa akijifunika na kukufukuza, hukuona kwamba ni vema kumwacha? Mtu akisema hataki kuonwa, si haki yake?

Usitume kahawa tena. Inanikosesha usingizi.

Kaka yako,
Ezekia


Mwakaleli
18 Novemba 1956

Kaka,

Pole na kukosa usingizi. Huku mvua za kwanza zimeanza, nimepanda mahindi. Lea atarudi likizo mwezi ujao.

Mzee amefariki, siku kumi sasa. Alikwisha kuwa dhaifu. Jioni moja aliniuliza, "Huyo Mungu wako, yeye huingia ndani?" Nikasema huingia, baba. "Hata nyumba inanuka?" Nikasema hata inanuka. Kisha akaomba nimgeuze upande. Hakubatizwa, na Sedekia amekataa kumwombea kaburini. Nimemwombea mwenyewe. Binti zake walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Mmoja alinishika mkono alipokuwa akiaga, haraka haraka, wenzake wasione. Nyumba ya juu ni tupu, lakini asubuhi bado nabandika uji wa watu wawili.

Umeniuliza kama si haki ya mtu kujificha. Nilitaka kujibu tangu nilipoipata barua yako, sikupata maneno. Sasa nimepata kitu kingine. Jailos, mpwa wa mzee, alikuja mazishini kutoka huko kwenu kwenye chai. Yeye ndiye aliyekuletea kahawa ya mwisho. Anasema aligonga mlango wako mchana, nawe ukaongea naye kutoka ndani. Ukamwambia auweke mzigo kizingitini na aende. Akatazama nyuma akiwa ameshafika barabarani, akaona mlango ukifunguka kidogo, mkono ukatoka ukavuta mzigo ndani. Anasema mkono ule ulikuwa mfupa. Anasema kwenye mizani kuna karani mwingine tangu mwezi wa saba.

Ezekia, sikuiti kaka hapa. Una nini?

Damari


Igowole
16 Desemba 1956

Damari,

Heri ya Noeli kwako na kwa Lea.

Ni kifua kikuu. Nimekuwa nacho tangu kabla ya barua yako ya kwanza. Bwana mganga wa shamba alinipima, akasema niende hospitali ya misheni nikalazwe. Nikasema ndiyo, nikarudi nyumbani nikafunga mlango. Nimeona jinsi watu wanavyomkimbia mwenye ugonjwa huu. Nimewahi kukimbia mimi mwenyewe, nikiwa na Biblia mkononi. Kasian huniwekea uji nje. Husimama pale akiniita mpaka achoke, ndipo naufuata. Naogopa kumwambukiza, hilo ni kweli. Lakini si hilo tu. Sitaki mtu aone nilivyokuwa.

Miaka yote nimefundisha upendo wa Mungu. Nimewaambia wachuma chai, mmoja mmoja kwa jina, kwamba anawapenda, na niliamini kwamba hao wanapendwa. Hadi leo naamini. Nikifika kwenye jina langu mwenyewe nashindwa. Nilijua kuutoa upendo huo kama mtu anavyogawa chumvi ya wageni, na mimi nyumbani kwangu sijawahi kuuonja. Barua yako ya Septemba ilinifanya nimwonee wivu yule mzee. Mtu aliyepooza, na mimi nikamwonea wivu.

Sasa unajua. Usije. Nakukataza nikiwa kaka yako mkubwa. Una mtoto, na ugonjwa huu ukikupata nitakuwa nimekumaliza. Nikumbuke nilivyokuwa nikikubeba mgongoni.

Ezekia


Mwakaleli
6 Januari 1957

Kaka yangu Ezekia,

Heri ya mwaka mpya. Lea amekwenda shule jana, ng'ombe nimewaacha kwa jirani asiyenisalimu lakini anayejua kukamua.

Nimesikia makatazo yako, na nimekwisha kukata tiketi. Napanda basi Alhamisi kwenda Mbeya, kisha basi la Iringa, nitashuka njia panda niulize Igowole. Nimekwenda kwa mganga wa misheni, amenieleza namna ya kukaa na mwenye ugonjwa kama wako: madirisha wazi, vyombo vyako peke yake, mate yafukiwe, na hospitali bila kuchelewa, maana siku hizi dawa ipo na watu wanapona. Nitakupeleka nikikushika mkono, hata watu wakitupisha njia. Mimi kupishwa njia nimezoea. Barua hii huenda ikafika baada yangu.

Najua utadhani nakuja kukuhurumia, nawe hutaki huruma. Basi nikwambie ukweli, ndipo uamue kama utaweza kunifukuza. Mume ameniacha. Kisimani sina wa kuongea naye. Mzee niliyemzoea nimemzika. Kuna jioni ambazo najisemea kwa sauti ili nisisahau kuongea. Mungu ananipenda, sina shaka tena, lakini hapigi hodi hapa kwangu akauliza kama nimekula, na nadhani alikusudia mtu afanye hivyo kwa ajili yake. Mtu huyo kwangu ni wewe. Sina mwingine.

Nifungulie, kaka.

Damari